Ulipoita, Amparo Akaitika

Naetwe, mwanangu,

Nyumba imenyamaza. Wewe na baba yako mmepanda mlimani Chome tangu asubuhi kumuaga bibi, na mimi nimebaki hapa Same nikisingizia kwamba nina nguo ya mteja ya kumalizia. Hakuna nguo ya mteja. Nimekaa kwenye meza ya kulia, sanduku lako liko mlangoni limeshafungwa, na nimeona nikuandikie kabla hamjarudi. Kesho tukiwa njiani kwenda uwanja wa ndege nitakuwa nasema habari za pasipoti na sweta kama kawaida yangu, na hili ninalotaka kusema halitapata pa kupenya.

Habari za pasipoti na sweta naziacha. Mwaka jana ulipoondoka mara ya kwanza nilikujaza maagizo mpaka ukawa unaitikia kabla sijamaliza. Sasa unarudi kumalizia hicho Kihispania chako, njia unaijua kuliko mimi, na kule Salamanca yupo mtu wa kukuambia uvae soksi. Huyo ndiye ninayetaka kumzungumzia.

Mwanangu, nina wivu. Nimeliandika neno lenyewe ili nisije nikalizunguka. Namwonea wivu Amparo.

Mwanzoni nilimpenda, na Mungu anajua. Ulipofika kule ulinitumia ujumbe wa sauti, nikausikiliza dukani mguu ukiwa juu ya pedali ya cherehani. Ukasema chuo kimekupeleka kuishi kwa mama mmoja anayeuza samaki sokoni na mume wake, Julián, dereva wa basi aliyestaafu, na kwamba watoto wao wamekua na kuhama. Ukasema ulipiga goti kumwamkia yule mama kama unavyomwamkia mkubwa yeyote, naye akadhani umeteleza, akakudaka kwapani akakuinua. Nilicheka mpaka mteja akaniuliza kuna nini. Nikashukuru kwamba mwanangu ameangukia mikono mizuri.

Kila siku nilikuwa nasubiri hadithi zako. Wanakula chakula cha mchana saa tisa na cha usiku saa nne, nikampigia bibi yako kumwambia mjukuu wake anashindishwa njaa Ulaya. Nguo wanazianika nje ya dirisha, juu kabisa ya ghorofa, kwenye kamba inayozunguka, na soksi yako ya kwanza ikaangukia kwenye kibaraza cha jirani wa chini. Kila ukitoka darasani ulikuwa unamwambia Julián kwamba leo umeolewa sana, maana neno lao la kuchoka na lile la kuolewa yamepishana herufi moja, naye badala ya kukusahihisha akawa anakuuliza bwana harusi wa leo ni nani. Baba yako alizirudia hizo hadithi kila mahali alipokaa.

Halafu, sijui ni lini hasa, hadithi zikabadilika. Au masikio yangu ndiyo yaliyobadilika. Ikawa Amparo kasema, Amparo kapika, Amparo kanionyesha. Ukaniambia kwa furaha kwamba Jumamosi unakwenda naye sokoni na umeshajua kuparua magamba ya samaki upesi kama yeye. Naetwe, mimi nilianza kukufundisha kukata kitambaa ukiwa bado hufiki mezani, ukaikataa cherehani, ukasema harufu ya mafuta yake inakuumiza kichwa. Samaki hakuumizi kichwa?

Siku nyingine ukanisimulia kwamba Amparo alijikwaa kwenye ngazi na mifuko yake, ukamwambia pole. Akakuuliza maana yake, ukamweleza, akasema wao hawana neno kama hilo, na tangu siku hiyo anamwambia pole kila mtu pale sokoni. Wewe uliona ni jambo la kuchekesha. Mimi niliona mtu ameingia kabatini kwangu akavaa nguo yangu bila kuniomba. Neno hilo nilikupa mimi, mwanangu. Lilikuwa kati ya maneno yako ya kwanza. Ulikuwa unamwambia hata kuku.

Nikakuuliza yeye anakuitaje. Ukasema anakuita "hija", na kwamba wanalitamka "iha". Maana yake nini? Ukasema ni binti, mwanangu, ila kule wanamwita hivyo mtu yeyote mdogo. Nikasema sawa, hakuna neno. Jioni ile nilikuwa nashona suruali za shule, nikaunga mguu mmoja ndani nje, na sijawahi kufanya kosa hilo tangu nimejua kushika sindano.

Basi ukaja likizo. Nilikusubiri stendi tangu gari lako halijafika Mwanga. Uliposhuka ulinikumbatia na kunibusu shavu hili, kisha na hili, na mimi nilikuwa nimeshautoa mkono, tukagongana miwani. Nikajiambia, huyo ni Amparo ananisalimu.

Ukataka kutupikia. Ukakata viazi, ukavikaanga polepole, ukamwagia mayai, ukageuza kwa sahani, ukatuambia kwamba ndicho chakula anachokupikia Amparo ukiwa na mawazo. Nikakuuliza kama hizo si chipsi mayai zinazouzwa stendi. Ulicheka, lakini nilikuona ulivyoinamisha kichwa. Baba yako akala, akaongeza, akaongeza tena, akasema hajawahi kula mayai matamu namna ile. Sikumsemesha mpaka asubuhi. Makande yangu yalikuwa jikoni, nilikuwa nimeyachemsha tangu mchana kwa ajili yako, nikayafunika. Ulikuja kuyala kesho yake baridi, umesimama, kwa mkono, nami nilikuwa nakuchungulia kwenye upenyo wa mlango. Hukujua. Nilipata nafuu kidogo.

Hayo yalikuwa madogo. Kubwa lilitokea dukani.

Unakumbuka nilikuita nikupime gauni la kitenge. Nilivuta pazia, ukanyanyua mikono, fulana ikapanda, na nikaona tumboni kwako makovu matatu madogo, mekundu bado, kama matundu ya vifungo. Nilikuuliza ni nini. Ukasema ni kidole tumbo, mama, walikitoa, ni zamani kidogo.

"Zamani lini?"

"Ule wakati niliposema simu imeharibika."

Niliukumbuka. Ilikuwa wakati wa baridi yao. Hukupatikana kwa siku kadhaa, halafu ukatuma ujumbe kwa namba ya Julián kwamba simu imedondoka majini na kwamba wewe mzima kabisa. Wakati ule mimi nilikuwa nahesabu vifungo, naimba kwaya, nabishana na wateja, na mwanangu alikuwa amelala hospitali tumbo limepasuliwa. Nikakuuliza nani alikuwa na wewe. Sikuwa na haja ya kuuliza.

Ulijitetea vizuri. Ulisema mama, ungefanya nini ukiwa hapa, ungelia, ungempigia bibi, presha ya bibi ingepanda, na mimi ningekuwa kitandani nawabembeleza nyinyi. Kila neno lilikuwa kweli. Niliendelea kukupima kiuno bila kuusoma utepe, nikaandika kipimo cha uongo, na ndiyo sababu gauni lile lilikubana siku ya kwanza.

Mzazi anajua mwili wa mtoto wake, Naetwe. Najua kovu la goti lako, ulianguka kwenye mawe ukikimbia kumpokea baba yako akitoka shambani, kijijini Kisiwani. Najua alama ya chanjo na doa la nyuma ya sikio. Nilidhani nakujua wote. Kumbe kuna mahali kwenye mwili wako ambapo mwanamke mwingine alipaosha, akapabadilishia bandeji, akapaombea kwa namna yao, na mimi nimekuja kupaona pameshapona.

Jumapili iliyofuata, tumetoka kanisani, akapiga simu ya video. Tulikuwa barazani. Ukanipa simu nimwone. Mwanamke mnene, nywele fupi za mvi, macho ya kucheka, aproni kifuani. Akaongea sana, mikono inapepea, nami sikuelewa hata neno moja. Katikati ya kuongea akaacha kucheka, akaongea kwa sauti ya chini, akawa ananitazama mimi tu. Wewe hukunitafsiria. Ulisema anakusalimia, mama.

Nikasema ninachokumbuka mpaka sasa neno kwa neno: "Mwambie mwanangu ana mama. Siku nyingine akiugua, kwanza nijulishwe mimi, ndipo yeye akae kando ya hicho kitanda."

Ukaigeukia simu, ukaongea Kihispania. Amparo akaweka kiganja kifuani, machozi yakamlenga, akatikisa kichwa, akarudiarudia jambo. Simu ikakatwa. Nilijua kabisa kwamba mtu aliyefokewa hawi vile.

"Umemwambia nini?" nikakuuliza.

"Nimemwambia umesema asante."

"Mimi sikusema asante."

"Najua, mama. Nimesema mimi."

Uliinuka ukaenda kuanua nguo ambazo hazijakauka. Baba yako alijifanya anatafuta stesheni kwenye redio. Mimi nilibaki pale barazani, na hasira iliyokuwa imenijaa ikawa haina pa kukaa, maana wewe ulikuwa umeshaniombea radhi kabla sijajua kama nina kosa.

Jioni ulirudi ukakaa karibu yangu ukanieleza alichosema. Najua unakumbuka, lakini nataka nikiandike kwa mkono wangu. Ulisema dawa ya usingizi ilipokuwa inakuisha ulikuwa unaita mama, mama. Neno hilo kwao ni hilo hilo. Amparo alikuwa pembeni ya kitanda, akaitika, akasema niko hapa. Ukaita tena, akaitika tena, akakushika mkono. Halafu ukaanza kusema mengine, Kiswahili na Kipare vimechanganyikana, ndipo akaelewa kwamba hakuwa yeye aliyeitwa. Hakukuachia mkono. Akaendelea kuitika tu, ili usikose wa kukuitikia. Na kwenye simu ile alikuwa ananiambia hivi: siku ile nilikuonea wivu, mama yake Naetwe, nilikesha na mtoto anayekuita wewe.

Nilikuuliza kwa nini hukunitafsiria palepale. Ukasema uliogopa kulia mbele yetu, mimi na Amparo.

Mwanangu, sikulala vizuri kwa siku kadhaa baada ya hapo, na kilichonikosesha usingizi sikukueleza. Nilikuwa namfikiria mama yangu. Bibi yako.

Nilipokuwa mdogo kuliko wewe sasa, niliteremka kutoka Chome kuja hapa Same kujifunza ushonaji kwa Bi Mwanaidi. Ulimkuta amezeeka, lakini enzi zile alikuwa na duka karibu na soko, mwanamke wa Kiislamu, msafi, mkali, mwenye sauti nzuri. Nilikaa nyumbani kwake. Alinifundisha kukata kola, kupika pilau, kujifunga mtandio vizuri. Mwezi wa Ramadhani nilikuwa nafuturu nao hata kama mchana nilikula. Nami nikawa namwita mama. Hakuniomba. Lilinitoka tu siku moja nikiwa na homa, likabaki.

Siku moja ya gulio bibi yako akateremka kunitembelea. Akafika na viatu mkononi, kwa ajili ya matope ya milimani, na kikapu cha ndizi. Bi Mwanaidi akampokea kwa heshima, akamtandikia mkeka, akaagiza chakula. Nikapita na sinia nikasema, mama, niongeze mchuzi? Wote wawili wakageuka. Nilikuwa nimemuuliza Bi Mwanaidi.

Bibi yako akasema ameshiba. Hakugusa kitu. Akasema amekula njiani, na gari la kupanda mlima linaondoka mapema. Nilimsindikiza, na njia nzima nilikuwa namsimulia Bi Mwanaidi hivi, Bi Mwanaidi vile, anavyokunja pindo, anavyonicheka. Yeye anaitikia ee, ee, vizuri mwanangu. Akapanda gari. Mimi nikarudi nikala chakula chake.

Sikuliona kosa hilo maisha yangu yote, mpaka ulipokaa karibu yangu barazani ukanisimulia habari za kitanda cha Salamanca. Wiki iliyopita nikampigia bibi yako, nikamuuliza kama siku ile kwa Bi Mwanaidi alikuwa ameshiba kweli. Nilidhani ameshasahau. Alicheka mpaka akakohoa. Akasema, "Njaa ilikuwa inaniuma, mwanangu, nilinunua karanga stendi nikazitafuna mpaka Chome. Lakini wali wa yule mama ulikuwa unanukia vizuri mno. Ungekuwa mbaya ningekula."

Nikamuuliza aliendeleaje baada ya hapo. Akasema aliendelea kuona wivu. Akasema aliona wivu mpaka Bi Mwanaidi alipofariki, na siku ya msiba alilia kuliko mimi.

Sasa habari ya lile gauni lililo ndani ya sanduku, chini ya pakiti za kahawa. Wewe ulijua ni la Amparo, lakini hujui yote. Nilipoamua kumshonea nilikuambia unipe vipimo vyake, ukasema huna, na ukimuuliza atajua. Nikakuambia ukadirie. Ukasimama katikati ya duka, ukafumba macho, ukaizungushia mikono yako hewa, ukaniambia, mama, nikimkumbatia vidole vyangu vinakutana hapa. Nami nikachukua utepe nikapima mzunguko wa mikono yako.

Sijui kama uliniona nilivyogeuza uso. Nimepima wanawake wengi katika mji huu, wanene, wembamba, wajawazito, maharusi. Sijawahi kumpima mtu kwa kumbatio la mwanangu. Nilijua kutoka kwenye utepe ule kwamba unamkumbatia mara kwa mara, maana hukubahatisha. Mikono ilikwenda yenyewe.

Nikakata kitambaa usiku huohuo, nikakikata chembamba. Makusudi. Nilitaka lifike kule limbane kifuani, alivue, acheke, aseme hawa watu wa Afrika hawajui kushona, na wewe umtetee mama yako. Ndivyo nilivyotaka, mwanangu, mtu mzima na mvi zangu, mwimbaji wa kwaya. Nilishona mpaka kwapani. Halafu nikaona kwamba ukimvalisha likambana, mtu atakayeona aibu kwanza ni wewe. Nikafumua. Nikaongeza vipande viwili ubavuni, ukiangalia kwa makini utaviona, maua yake hayafuatani vizuri na yale ya mbele. Akikuuliza mwambie ndiyo mtindo wa Same.

Wivu wenyewe haujaisha. Ukinitumia sauti ukasema Amparo hivi, Amparo vile, nitasikiliza mguu ukiwa juu ya pedali na moyo utanichoma. Usinifiche kwa ajili hiyo. Bibi yako aliitikia ee, ee, njia nzima, na sasa najua kwamba alitaka kusikia kila neno, maana hiyo ndiyo iliyokuwa njia yake pekee ya kujua ninaishije. Mimi nami nataka kujua. Niambie mlikula nini. Niambie Julián kakucheka nini. Hata magamba ya samaki, niambie.

Nilidhani kumlea mtoto ni kumfanya asihitaji mama mwingine. Nilikosea, na si vibaya nilivyokosea. Ningekulea hivyo ungelala kwenye kitanda kile unaogopa mkono wa mtu usiyemjua. Wewe uliushika. Kuna mtu alikufundisha kwamba ukiita, mtu ataitika, na ukaamini hivyo hata katikati ya watu wasiojua lugha yako. Nimejaribu kukumbuka ni lini nilikufundisha hilo, nimeshindwa. Lakini ni mimi. Hilo simwachii Amparo.

Basi ukiugua, mwite aliye karibu. Mwite mama kama ndivyo inavyotoka. Akishakushika mkono, anipigie, aongee hicho Kihispania chake, nami nitaongea changu, na hakuna atakayemwelewa mwenzake, tutasikilizana hivyohivyo mpaka uamke. Kuwa wa kwanza kufika siwezi tena, hata kwa ndege. Ila nisiwe wa mwisho kujua.

Mama yako,
wa Same.